Kabla ya Kuchimba Kisima: Jinsi Maji Yanavyotafutwa Chini ya Ardhi

Wananchi wengi huuliza kwa nini wataalamu wa maji hufika kijijini na nyaya ndefu, vigingi na betri, kisha huondoka bila kuchimba chochote. Kazi hiyo ni upimaji wa maji chini ya ardhi, nayo husaidia kuepusha fedha za mradi kuishia katika shimo kavu.

Upimaji unavyofanyika

Vigingi vinne vya chuma huchomekwa ardhini katika mstari ulionyooka. Viwili vya nje hupitisha umeme, na kati ya viwili vya ndani hupimwa volti. Kadiri vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo umeme unavyopenya chini zaidi. Mwamba mzima usio na nyufa huuzuia. Mwamba uliolainika au kupasuka na kujaa maji huupitisha kwa wepesi. Visima vya Makutupora, vinavyohudumia Jiji la Dodoma, huvuta maji kutoka katika miamba ya graniti iliyolainika na kupasuka.

Mipaka ya kipimo

Kipimo hiki hakioni maji yenyewe. Udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi hupitisha umeme vilevile. Kwa sababu hiyo, majibu hulinganishwa na ramani za miamba na kumbukumbu za visima vya jirani. Aidha, hakionyeshi kiwango cha floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yanapozidi. Hilo hubainika maabara baada ya kuchimba.

Wajibu wa mwananchi

1. Waoneshe wataalamu visima vyote vya zamani, hata vilivyokauka.
2. Watoto na mifugo wakae mbali na nyaya, kwani umeme wake waweza kufikia mamia ya volti.
3. Vigingi na alama zilizoachwa visiguswe.
4. Vyoo na mashimo ya taka visichimbwe karibu na alama.

Mahali palipochaguliwa huenda pakawa mbali na kituo cha kijiji. Kuhamisha alama ili kisima kiwe karibu ni kukiondoa kwenye maji. Kusogeza huduma ni kazi ya bomba.

Anayetaka kuchimba kisima kirefu binafsi anakumbushwa kupata kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.