Fahamu: Kwa nini kompyuta inakataa kuzimika
Umeme wa Goma ulipokatika Januari 2025, waasi wa M23 wakiingia mjini, kila wati ilikuwa na thamani. Kwa mkazi wa mtaa wa Himbi anayetegemea betri, kompyuta ya mezani yenye skrini nyeusi huku feni ikivuma ni hasara ya usiku kucha.

Mshukiwa wa kwanza ni uwashaji wa haraka, ulioletwa na Windows 8 mwaka 2012: mfumo huhifadhi sehemu yake kwenye diski badala ya kufunga yote. Dereva ya zamani (programu inayoendesha kifaa) ikigoma, mashine hukwama.

Ili kufunga mfumo wote, shikilia Shift ukibofya “Arrêter” (Zima). Ikizimika, ondoa uwashaji huo kwenye mipangilio ya umeme. Ikigoma, sasisha dereva, kisha BIOS (programu ya msingi inayoanzisha kompyuta). Kuchomoa waya? Hapana, diski ikiwa inaandika, faili zinaweza kuharibika.