Kufuata Nyayo za Wito wa Kompyuta

Mfanyabiashara wa mahindi aliyeko Sumbawanga hulipa ushuru wa mazao kwa simu ya mkononi. Fedha zikikatwa na risiti isipofika, lori halina ruhusa ya kuondoka. Fedha zimekwama wapi?

Kati ya simu yake na halmashauri zimo programu nyingi zinazoitana. Programu ya kampuni ya simu hukagua salio kwa kuiita nyingine. Kisha huitwa mfumo wa serikali wa kupokea malipo, ulioanza mwaka 2017, nao huiarifu halmashauri. Wito wa namna hii, ambamo mashine moja huiagiza nyingine kazi na kusubiri jibu, ulielezwa kwa kina na Andrew Birrell na Bruce Nelson mwaka 1984. Mtunga programu huuandika kana kwamba kazi yote yafanyika katika mashine yake mwenyewe. Urahisi huo ndio unaoficha hatari: jibu lisipofika, mwitaji hajui kama wito ulipotea kabla ya kazi kufanyika, au kazi ilifanyika na jibu ndilo lililopotea. Akirudia, huenda akalipa mara mbili.

Kila mashine ina daftari lake la matukio, lakini daftari peke yake halitoshi. Chukulia magunia yanayotoka Ufipa kwenda Mbeya kupitia Laela na Tunduma. Karani wa kila kituo akiandika tu kwamba magunia yamepita, hakuna ajuaye ni ya nani. Sharti yapigwe alama moja yatokako, na kila karani aiandike alama hiyo.

Ndivyo ulivyo ufuatiliaji wa wito. Programu ya kwanza hutunga namba isiyofanana na nyingine. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2020 huandikwa kwa alama 32, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Kila programu inayoitwa huipokea, huandika namba ya hatua yake, ya hatua iliyoiita, na saa za kuanza na kumaliza, kisha huipeleka mbele. Kumbukumbu zikikusanywa hufanya mti, na tawi lililokatika huonekana. Saa za mashine hazilingani barabara, hivyo namba ya mwitaji ni shahidi bora kuliko saa.

Namba ya kumbukumbu ya malipo haichukui nafasi hiyo, kwani ni ya deni, si ya jaribio. Anayejaribu mara tatu ana deni moja na safari tatu.

Kuhifadhi nyayo zote ni gharama. Mwaka 2010 Google walieleza kwamba katika huduma zenye shughuli nyingi walitunza ufuatiliaji wa wito 1 tu kati ya 1,024. Kwa kupima kasi, yatosha. Kwa malipo ya mtu mmoja, karibu hakika ndiyo yatakayokosekana, kwa hiyo safari zilizoshindwa hazina budi kutunzwa zote. Tena programu moja kuukuu isiyoipeleka mbele namba huukata uzi: hatua zifuatazo huonekana kama safari isiyo na mwanzo, na mhasibu hurudia kupiga simu ofisi hadi ofisi, lori likingoja.