Je, Wajua? Injini Huganda Barafu Juu ya Majani Chai

Barafu inaweza kuzima injini ya ndege juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mchana, kukiwa na nyuzi joto 20! Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, sehemu inayoichanganya na hewa, hunyonya joto. Hewa yenye unyevu hupoa ghafla, barafu ikajijenga humo humo na kuziba njia. Ukirusha kwenye simuleta DC-3, ndege ya abiria iliyotumiwa zamani na East African Airways, na injini ianze kukohoa, fungulia hewa moto ya kabureta. Itazidi kukohoa kidogo barafu ikiyeyuka. Usiifunge hewa hiyo.

Jeti hazina kabureta, lakini mdomo wa injini huganda pia. Penye mawingu au mvua, marubani wa Boeing huupasha joto kuanzia nyuzi 10 kushuka.

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Cessna ndogo iliyoachiwa petroli nyingi kama ya pwani hukosa nguvu. Vuta kishikizo chekundu cha kupunguza petroli, polepole.

Geji ya mafuta nayo itazame mapema. Mwaka 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta karibu na Komoro, injini zote mbili zikazima.