Noeli kwa nkambo, na ndeke pia

Ndugu wahitimu na wanafunzi, kuna kosa moja nililifanya, msilirudie. Noeli moja tulitoka hapa Golf, familia nzima, kwenda Likasi kwa nkambo, kama kilomita 120. Asubuhi ya pili nilitoroka na darubini, nikarudi saa saba mchana. Bukari ilishapoa. Nkambo aliniuliza neno moja tu: "Ulikuya kutuona siye ao ndeke?" Sikuwa na jibu.

Kupenda ndege si kosa. Kosa ni kuiba saa za watu. Basi, tangu pale ninapanga hivi.

Kwanza, chukua saa ambazo hakuna anayezidai. Ndege huimba na kutafuta chakula zaidi kunapopambazuka. Jua likipanda wengi wanatulia kivulini. Kumbe ni saa zile zile familia bado inalala! Toka saa kumi na moja na nusu, rudi saa mbili, chai ikiwa mezani. Lakini aga tangu usiku, watu wasikutafute.

Pili, chagua ndege mmoja, usitake wote. Kule Likasi mimi ninamtafuta kwera wa Lufira, mfumaji viota wa rangi ya manjano, dume lake lina uso mweusi. Upande wa mashariki wa mji kuna ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya bwawa la Mwadingusha kujengwa katika mto Lufira, mwaka 1930. Hapo ndipo ndege huyo alipokamatwa mmoja tu mwaka 1960. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1982, kisha hakuonekana tena hadi Michel Louette na Michel Hasson walipomkuta mwaka 2009. Hadi leo anajulikana katika bonde hilo tu, na maji yake yanapokea mito inayopita kwenye migodi na viwanda. Ziwa likiharibika, naye yuko hatarini.

Tatu, angalia majira. Kwera wengi madume huvaa rangi kali na kufuma wakati wa mvua. Noeli na Pasaka zinafaa. Vakansi kubwa ya kiangazi ni ngumu: dume linaweza kufanana na jike, utachanganyikiwa.

Nne, safari yako ibebe haja ya nyumba. Ziwani kuna wavuvi. Mwambie mama utarudi na samaki mbichi, uone kama atakukataza.

Tano, mpe mtoto kazi. Mtoto asiye na kazi anapiga kelele. Mwenye daftari na kalamu anahesabu. Asiguse kiota, ahesabu tu kwa mbali.

Na kama huna hata pesa ya gari, anzia kwenye ua wako hapa Golf. Shore na chozi wapo, hawadai tiketi, na jicho linazoea.

Pasaka iliyofuata nilikwenda ziwani na binti wa yaya yangu. Tulirudi saa mbili na samaki. Nkambo hakuniuliza mimi, alimuuliza mtoto: "Muliona ngapi?" Akafungua daftari: viota 14. Nkambo akanyamaza kidogo, kisha akasema kesho naye tumuamshe.