Nilifuturu kwa Saa ya Mombasa

Ramadhani ya mwaka 1985 iliangukia Mei na Juni, nayo ilinikuta Nyeri. Nilikuwa nimepanda huko kununua viazi na kabichi katika soko la Karatina, nizilete Marikiti, Mombasa. Ndugu msomaji wa Pwani atanielewa nikisema kwamba baridi ya miezi hiyo huingia mifupani, na mfungaji hulipenda blanketi lake kuliko jamaa zake.

Kutoka nyumbani nilichukua ratiba ya Ramadhani, ile karatasi ya nyakati za sala na futari tunayoitundika ukutani. Ilisema magharibi ni saa 12 na robo. Saa hiyo, pale Nyeri, jua lilikuwa limekwisha kujificha nyuma ya milima ya Nyandarua. Chumba nilichopanga kilikuwa mbali na msikiti, sikusikia adhana. Basi nikafungua kwa tende zangu bila wasiwasi, siku 8 mfululizo.

Siku ya 9 nilikwenda kufuturu msikitini mjini. Robo ilipogonga nikatoa tende. Mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani, akanishika mkono.

"Mwanangu, wafungua kwa saa ya nani?"

"Ya Mombasa, maalimu. Na jua limetua."

Akanigeuza uso nitazame Mlima Kenya. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na kile kilele cha mita 5,199 kilikuwa kikiwaka.

"Na lile jua la nani?"

Mombasa iko mashariki ya Nyeri kwa digrii 2.7 hivi za longitudo, na kila digrii ni dakika 4. Hizo tayari ni dakika 11. Tena miezi hiyo jua huwa limehamia kaskazini, na mchana wa Mombasa, iliyo digrii 4 kusini ya ikweta, huwa mfupi kidogo kuliko wa Nyeri, iliyo karibu kabisa na ikweta. Ukijumlisha unapata robo saa na kitu. Nyandarua nayo hulificha jua kabla halijatua, ndiyo maana wanazuoni humtaka mwenye mlima magharibi yake aangalie vilele vikizimika na giza likipanda mashariki.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyekula akidhani jua limetua, kisha ikambainikia kuwa bado, huilipa siku hiyo. Nilisononeka. Nikamwuliza maalimu maswali mengi ya dakika: daku je, alfajiri je? Alinijibu yote, kisha akauliza nisilolitarajia: mchana nafanya nini?

Nikamweleza kweli. Baada ya sala ya alfajiri nalala mpaka adhuhuri, kununua mzigo namwachia kijana, na alasiri nacheza karata kupitisha saumu.

"Siku 8 utazilipa baada ya Idi," akasema. "Asubuhi 8 utazilipa lini?"

Sikuwa na jibu. Akanitaka nisome Sura ya Al-Asr. Naam, ile ya aya 3 tunayoikimbilia tukitaka sala iishe upesi! Nikaisoma kwa pumzi moja. Akanirudisha mwanzo, niisome polepole. Humo Mwenyezi Mungu anaapa kwa wakati, anataja hasara, kisha anawataja waliosalimika nayo na sifa zao, kulala hakumo.

Kesho yake nilikwenda Karatina mwenyewe, giza halijatoka. Niliwakuta akina mama wamekwisha kufika na magunia mgongoni, kamba zimewakaza vipaji vya nyuso, na wanunuzi wa Nairobi wanachagua viazi vikubwa vikubwa. Wiki nzima kijana wangu alikuwa akinunua masazo, kwa kuwa nami nilimwamsha kwa kuchelewa. Kabla ya saa 3 mzigo wangu ulikuwa tayari. Nikarudi Nyeri nikasoma juzuu nzima kabla ya adhuhuri, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipotoka chuoni.

Na ile robo saa? Niliikaa uani msikitini na wenzangu, mikono tumeinua, maana dua ya mfungaji wakati wa kufuturu ina matarajio makubwa. Kilele kilipozimika tulifungua.

Zile siku 8 nilizilipa mwezi wa Shawali, kwa adhana ya msikiti wa mtaani kwetu Mombasa. Ratiba niliisahau katika droo ya chumba kule Nyeri.