Mataifa Yanayopimana Katika Vita vya Madawa ya Kulevya

Mwalimu akitaka kujua maendeleo ya wanafunzi wake, huwapa mtihani. Lakini ni nani awapaye mtihani watawala wa nchi? Serikali ikisema, "Sisi twapigana na madawa ya kulevya kwa nguvu zetu zote," ni nani atakayelifungua daftari lake na kutazama kama maneno hayo ni ya kweli? Swali hili si la wakubwa peke yao. Madawa ya kulevya huingia nyumbani mwa watu kabla ya kufika katika makaratasi ya ofisi: kijana huacha masomo, baba huuza vyombo vya nyumba, mama hubaki akilia. Serikali ikijidanganya, jamaa ndizo zinazolipa. Yafaa basi tutazame jinsi nchi za Amerika zilivyojaribu kulijibu swali hilo.

Mpimaji mmoja

Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria iliyomtaka Rais wake atoe hukumu kila mwaka juu ya nchi zinazotoa au kupitisha madawa ya kulevya: ipi imeshirikiana vema, na ipi haikushirikiana. Nusu ya misaada mingi iliyopangiwa nchi hizo ilizuiwa mpaka hukumu itolewe. Nchi iliyohesabiwa kuwa imeshindwa ilinyimwa misaada hiyo, na wajumbe wa Marekani katika mabenki ya maendeleo ya mataifa walipaswa kuipinga ilipoomba mkopo.

Nchi ya Colombia iliuonja uchungu wa hukumu hiyo mwaka 1996, na tena mwaka 1997. Rais wake, Ernesto Samper, alituhumiwa kwamba fedha za wafanya biashara wa kokeini zilitumika katika uchaguzi wake. Juni 1996 Bunge la Colombia lilimwondolea mashtaka, lakini Julai mwaka uo huo Marekani ikaifuta viza yake. Rais wa taifa akafungiwa mlango kama mtu asiyefaa kupokewa!

Sasa tazameni nchi ya Mexico. Februari 1997 jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo, aliyewekwa kuongoza vita vya madawa ya kulevya nchini humo, alikamatwa kwa kushitakiwa kwamba alimlinda mmojawapo wa wafanya biashara wakubwa wa kokeini. Hata hivyo, siku chache baadaye Mexico ilipewa hukumu njema, na Colombia ikanyimwa. Watu wengi wa Amerika ya Kusini wakauliza: Je, mizani hii ni ya haki? Tena, kokeini ile iliuzwa wapi kwa wingi, kama si katika miji ya Marekani yenyewe? Mnunuzi ndiye aliyeketi kitini pa hakimu, na yeye hakupimwa na mtu. Mkuki ni kwa nguruwe; kwa binadamu ni mchungu.

Wapimaji wengi

Aprili 1998 wakuu wa nchi za Amerika walikutana Santiago, mji mkuu wa Chile, wakakubaliana kuanzisha njia nyingine: kila nchi ipimwe, na zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Kazi hiyo ilikabidhiwa CICAD, ndiyo tume ya madawa ya kulevya ya Umoja wa Nchi za Amerika, iliyoundwa mwaka 1986. Duru ya kwanza ilifanyika katika miaka 1999 na 2000. Nchi 34 zilipimwa, kubwa na ndogo, visiwa vidogo vya Karibi pamoja na Marekani yenyewe. Wakuu waliokutana tena Québec, nchini Canada, Aprili 2001, walikuwa na taarifa za kwanza mbele yao.

Kazi hiyo yaendeshwaje? Kwanza, kila nchi hupewa maswali yaleyale. Je, ina mpango wa taifa na ofisi ya kuuongoza? Watoto hufundishwa nini shuleni juu ya madawa haya? Mgonjwa aliyezoea kuyatumia hupata matibabu wapi? Je, kuna sheria juu ya fedha chafu zinazofichwa katika mabenki? Pili, majibu husomwa na kundi la wataalamu walioteuliwa na serikali za nchi hizo. Lakini iko sharti moja kubwa: mtaalamu hashiriki katika kuipima nchi yake mwenyewe. Mababu walisema kweli: mganga hajigangi. Tatu, nchi husomewa taarifa kabla haijatangazwa, ipate kueleza au kusahihisha. Mwisho, taarifa hutangazwa wazi pamoja na mashauri, na baadaye nchi huulizwa: Shauri lile mlilitimiza?

Hakuna adhabu. Nchi iliyobaki nyuma hainyimwi msaada. Bali yaweza kuomba isaidiwe kutimiza mashauri iliyopewa. Lengo ni kuinua, si kuaibisha.

Je, yafaa kitu?

Mwenye akili atauliza: Mtihani usio na adhabu ni mtihani gani? Swali hilo ni la haki, na udhaifu upo. Wataalamu hutegemea majibu ya serikali zenyewe. Serikali isiyohesabu wagonjwa wake haiwezi kutoa hesabu ya kweli, na serikali yenye hila yaweza kupamba majibu yake. Tena kuwa na sheria nzuri kitabuni si sawa na kuwa na kijana aliyepona. Nchi yaweza kutimiza mashauri yote ya karatasi, na biashara ya kokeini ikaendelea kustawi mipakani.

Hata hivyo, tusidharau faida. Nchi iliyoulizwa, "Wagonjwa wenu ni wangapi?" ikakosa jibu mbele ya wenzake, imejua mahali pa kuanzia. Na taifa kubwa lililokubali kuulizwa maswali yaleyale na mataifa madogo limekiri kwamba anayenunua madawa hana haki ya kujiona safi kuliko anayelima.

Njia ya zamani haikufa. Sheria ya Marekani ililegezwa mwaka 2002, lakini haikufutwa. Septemba 2025 Colombia iliandikwa tena miongoni mwa nchi zilizoshindwa, mara ya kwanza tangu mwaka 1997, ingawa safari hii misaada iliachwa iendelee kwa ajili ya faida ya Marekani yenyewe. Basi mizani zote mbili zingali zimetundikwa, moja ya mwenye nguvu, moja ya wenzi.

Ipi itaponya watu? Hukumu ya mwenye nguvu huogopesha haraka, lakini yule aliyehukumiwa hujifunza kuficha. Kupimana kwa wenzi kwaenda polepole, na hakuna faida mtu asiposema kweli. Ndiyo maana raia nao wana kazi yao. Taarifa hizo hutangazwa ili zisomwe. Mzazi, mwalimu na mwanafunzi wanaozisoma waweza kuiuliza serikali yao: Mlijibu hivi, je, hospitali hiyo mliyoitaja iko wapi?