Kabla Hujanunua Rangi: Vijana, Sanaa na Vitu vya Nyumbani

Kipindi chetu cha vijana leo kinahusu sanaa ya mikono: kuchora, kubandika na kufinyanga.

Tumepata barua ya dada mmoja mwenye miaka 19. Amemaliza sekondari, hana pa kuendelea, na anapenda sana kuchora. Mwezi uliopita alitumwa kuchukua mgao wa familia. Njiani akauza sehemu ya mafuta ya kupikia, akanunua makopo mawili madogo ya rangi. Rangi iliisha kwa wiki moja. Mama yake mpaka leo anamjibu kwa neno moja moja tu. Dada anauliza: "Je, asiye na rangi anaweza kuwa msanii?"

Dada yetu, jibu ni ndiyo. Mafuta yale ni chakula cha wadogo zako pia, na mazungumzo na mama ni juu yako kuyaanza. Sisi tutakusaidia upande wa sanaa, wewe na kila kijana anayesubiri rangi ili aanze. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima.

Kila kifaa kina somo lake

Vijana wengi wakisikia neno sanaa wanawaza brashi na rangi. Hiyo ni njia moja kati ya nyingi. Mkaa unakufundisha mwanga na kivuli. Karatasi ya kubandika inakufundisha kupanga maumbo. Udongo unakufundisha kuona kitu mbele, nyuma na pembeni. Ukijaribu vyote kabla ya kuchagua kimoja, hujapoteza muda, maana jicho unalolipata kwenye udongo utarudi nalo kwenye karatasi.

Tuanze na mkaa. Ule wa jikoni ni mgumu na unakwaruza karatasi, basi tengeneza wako. Okota vijiti vikavu vyembamba, usikate mti mbichi. Vimenye maganda, vipange vikiwa vimebanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu moja dogo kwa msumari, kisha weka kopo kwenye moto baada ya chakula kuiva. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, ondoa kopo na uache lipoe kabisa kabla ya kufungua. Ukifungua kungali moto, hewa itaingia na vijiti vitawaka viwe majivu. Vikipoa salama, una kalamu nyeusi laini. Chora nazo nyuma ya karatasi zilizotumika, na funika mchoro wako kwa karatasi nyingine, maana mkaa hufutika.

Karatasi na maboksi

Hapa tumkumbuke mama mmoja wa Kenya, Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928. Miaka ya mwanzo ya 1950 alisoma uchongaji Makerere, Uganda, akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ile ya sanaa. Baadaye alifundisha shule kwa miaka mingi. Aliporudia sanaa akiwa mtu mzima, rangi zilikuwa ghali kwake. Akachukua pakiti za unga na za sabuni pamoja na kurasa za magazeti ya picha, akazikata vipande vidogo na kuvibandika hadi vikawa watu, kuku na maisha ya kijijini. Picha hizo ndizo zilizomfanya ajulikane nje ya nchi yake. Alifariki mwaka 2021.

Tazama alichofanya. Hakuitafuta rangi nyekundu dukani, aliikata kwenye pakiti. Wewe pia anza kwa kutenga karatasi zako kwa rangi: nyekundu upande huu, buluu upande ule. Gundi ni kijiko kimoja cha unga wa muhogo, maji kidogo, na moto mdogo huku unakoroga mpaka izito. Omba kijiko hicho nyumbani, usichukue kimyakimya.

Na boksi? Mkongomani Bodys Isek Kingelez, aliyeishi Kinshasa, alijenga miji mizima ya kuota kwa karatasi, maboksi na vifungashio vya bidhaa. Majengo yale hayakuwepo popote, aliyabuni kichwani mwake. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufariki kwake, jumba kubwa la sanaa la New York liitwalo MoMA lilionyesha kazi zake. Malighafi yake haikuwa tofauti sana na vitu tunavyovitupa nyuma ya nyumba baada ya mgao.

Gunia lililobeba historia

Sasa twende Lubumbashi, Katanga, mji ambao wengi wetu tuna ndugu. Miaka ya 1970 aliishi huko mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na picha zake zilinunuliwa na watu wa kawaida wakazitundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha 101 kuhusu historia ya nchi: wazee wa kale, ukoloni, Lumumba, uhuru na vita vilivyofuata. Mtafiti Johannes Fabian alirekodi maelezo yake, na maelezo hayo Tshibumba aliyatoa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zikakatika. Picha zake zimebaki, na watu wanaotaka kujua Wakongomani wenyewe walivyoiona historia yao bado wanazisoma.

Magunia yake yalikuwa ya kitambaa. Viroba vyetu vya leo ni vya plastiki na rangi ya maji haikai juu yake. Tumia shuka kuukuu iliyochakaa au boksi lililonyooshwa. Rangi unaikanyaga kila siku: chukua udongo mwekundu, wa njano au mweusi, uchekeche kwa kitambaa, ukoroge kwenye maji na uache dakika moja ili mchanga uzame. Mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine, yaache hadi kesho, umwage maji ya juu. Tope laini lililobaki changanya na gundi nyeupe ya seremala. Gundi ndiyo inayoshika udongo. Bila gundi, picha ikikauka inapukutika.

Kufinyanga

Kwa udongo wa mfinyanzi, tuna walimu tayari: akina mama na akina bibi waliojifunza kufinyanga nyumbani kabla ya kukimbia. Nenda, piga hodi, salimia, omba kukaa pembeni uangalie. Watakuonyesha kwa nini wanachanganya udongo na mchanga au vigae vilivyosagwa: udongo mtupu hupasuka unapokauka. Watakuonyesha pia kwa nini chombo hukaushwa kivulini polepole. Na ukimuuliza bibi jina la kila chungu kwa lugha yake, umeokoa maneno ambayo wadogo zako hawayajui.

Nichore nini?

Swali hili ndilo linalowashinda wengi zaidi ya rangi. Wanachora simba na milima ya kalenda, vitu ambavyo hawajaviona. Jaribu hivi kwa siku saba. Chagua kitu kimoja cha nyumbani, kwa mfano dumu la maji. Siku ya kwanza lichore kwa mkaa. Ya pili, kata umbo lake kwenye boksi. Ya tatu, lifinyange. Ya nne, chora foleni ya madumu bombani bila mtu hata mmoja. Ya tano, chora mkono ulioshika dumu zito. Ya sita, lichore kama anavyoliona mtoto wa miaka mitano. Ya saba, panga kazi zote sakafuni na mwite mtu wa nyumbani azitazame. Sikiliza anasimama wapi na anasema nini. Hapo utajua kifaa gani kinakubeba.

Tahadhari

Kwanza, usipasue betri kuukuu kutafuta rangi nyeusi, unga wake una sumu. Rangi za mafuta na tina zitumie nje penye hewa, na usilambe brashi, kwa sababu baadhi ya rangi zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo, hasa wa watoto.

Pili, na hili ni zito. Kati yetu wapo watu waliokimbia kwa siri na ambao hawataki uso wao ujulikane. Usichore sura ya jirani ikatambulika, wala simulizi yake ya safari, kabla hujamwomba ruhusa. Akikataa, mwachie. Unaweza kuchora mgongo, viatu au mzigo, na picha ikasema yote bila kumweka mtu hatarini.

Tatu, kama kuchora kunakurudishia mambo uliyoyaona ukakosa usingizi, weka kazi chini kwanza na uzungumze na mtu unayemwamini au mshauri wa kituo cha afya.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni vitu gani vitatu tunavyovitupa kila wiki ambavyo vingeweza kuwa malighafi ya sanaa?
2. Nani katika kijiji chetu cha kambi anajua ufinyanzi, ususi au uchongaji, na nani kati yetu atakwenda kumwomba atufundishe?
3. Mzazi afanye nini akiona mtoto wake ana kipaji lakini nyumbani hakuna pesa? Na mtoto naye afanye nini?

Majibu ya kikundi yaandike kwenye karatasi na uitie katika sanduku la maoni la redio. Nasi tunawaomba mtuletee kazi zenu za madumu. Wiki ijayo tutazieleza hewani moja baada ya nyingine.